Mkono wa mzazi ukishakuwa mzito: kikao cha ukoo, kikundi cha malezi, ziara za nyumbani au chumba cha tiba?

Ulinganisho huu hauhusu kila kesi. Mtoto aliyeingiliwa na mtu wa nyumbani, aliyechomwa kwa makusudi, aliyevunjwa mfupa au anayefungiwa ndani bila chakula, huyo kwanza atolewe hatarini. Kuna hospitali, kuna kituo cha mkono kwa mkono (matibabu, polisi na ushauri mahali pamoja) kama kiko karibu, kuna Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi wanapotoa PF3, fomu ya kupelekea majeruhi hospitali, na kuna simu 116 inayopigwa bure Tanzania na Kenya. Tiba ya mzazi inasubiri. Na kwa anayemwingilia mtoto, hakuna hata njia moja kati ya hizi ninazolinganisha iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Wanaobaki ndio wengi. Mama anayemcharaza mtoto kwa waya wa chaja, kisha usiku anampaka mafuta huku analia. Baba ambaye akirudi amelewa watoto wanajifanya wamelala. Bibi aliyeachiwa wajukuu watano na hajui dawa ya utundu zaidi ya mwiko. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, na waliotajwa sana ni ndugu na walimu. Nyingi ya kesi hizo haziendi mahakamani, na familia nyingi hazitaki ziende. Kwa hiyo shangazi, mwalimu, mjumbe, au mzazi mwenyewe aliyeanza kujiogopa, anabaki na swali: twende wapi?

Niweke wazi mapema ninakoegemea. Mzazi hubadilika anapofanya zoezi la kuishi na mtoto wake yuleyule, mbele ya mtu anayemwona na kumrekebisha hapohapo. Akikaa kwenye benchi kusikiliza tu, anarudi nyumbani na maneno mapya na mkono uleule. Njia zote hapa chini nazipima kwa hilo.

Kikao cha ukoo

Hapa ndipo wengi wanapoanzia, na sipendi watu wa miradi wanavyokidharau. Hakina foleni wala nauli, kinakaa jioni hiyohiyo. Wajomba na mashangazi wanamjua mzazi tangu utoto wake. Wanajua nani alimpiga yeye na kwa kitu gani. Halafu wana uwezo ambao mtaalamu hana. Wakisema mtoto kesho anahamia kwa bibi yake, kesho anahama kweli. Kwa mtoto anayehitaji kupumua, hiyo ni kinga halisi.

Tatizo ni maneno yanayosemwa pale. Kikao kinaanza kwa kumkanya mzazi, mtu anatupia "mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe", kisha taratibu lawama inahama. "Na wewe nawe, kwa nini unamkasirisha mama yako? Haya, mwombe radhi." Mtoto wa miaka tisa, mgongo bado una mistari, anapiga magoti na kuomba msamaha kwa kupigwa. Watu wazima wanapeana mikono, chai inaletwa, yamekwisha. Mtoto amejifunza kwamba ukoo mzima unajua na ukoo mzima umekubali.

Linganisha na tiba ya Marekani iitwayo AF-CBT, iliyojengwa na David Kolko na wenzake huko Pittsburgh kwa ajili ya familia ambazo mzazi ameshampiga mtoto au hasira zimetawala nyumba. Humo mzazi huandaa barua kwa mtoto wake. Anaiandika, anaipitia na mtaalamu, anaiandika tena, mpaka kila sentensi inayomrudishia mtoto lawama iwe imeondoka. Kwa mfano, "nilikupiga kwa sababu ulichelewa kurudi" haipiti. "Ulichelewa kurudi, lakini kukupiga vile niliamua mimi, na halikuwa kosa lako" inapita. Mtoto anasomewa barua ikishakomaa, na yeye akiwa ameandaliwa.

Hilo unaweza kulichukua bure ukaenda nalo kwenye kikao cha ukoo. Mkubwa mmoja anayeheshimiwa akatae mtoto asiombe radhi, na amtake mzazi aseme alichofanya bila "lakini wewe". Ukipata ukoo wenye mkubwa wa namna hiyo, kikao kina thamani. Usipompata, kitumie kumhamisha mtoto kwa muda tu, matibabu mtafute kwingine.

Semina, na kikundi chenye mazoezi

Watu huchanganya vitu viwili hapa. Kuna semina ya malezi: ukumbi, projekta, soda, mwezeshaji anasoma madhara ya adhabu ya viboko, mnasaini karatasi ya mahudhurio mnaondoka. Na kuna kikundi ambacho watu walewale wanakutana kila wiki kwa miezi, wanaigiza ugomvi wa nyumbani, wanakwenda kujaribu, wanarudi kueleza kilichotokea.

Mfano bora wa aina ya pili uliofika kwetu ni ule uliotokana na mpango wa Malezi kwa Afya ya Maisha Yote, ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na vyuo vikuu kadhaa vikiwemo Oxford na Cape Town. Huko Eastern Cape, Afrika Kusini, uliitwa Sinovuyo Teen: vikao 14, kumi kati ya hivyo mzazi na kijana wake wanakaa pamoja. Tanzania uliingia kwa jina la Furaha Teens kupitia mradi wa Kizazi Kipya.

Kinachonivutia ni kwamba somo la fedha limo. Familia inapanga bajeti na kuongea juu ya kuweka akiba, maana walioutunga walielewa kwamba viboko vingi vya mwisho wa mwezi vinaanzia kwa mwenye nyumba aliyegonga mlango asubuhi. Na aliyekosa kikao hufuatwa nyumbani. Kwa mama anayeuza maandazi alfajiri, kufuatwa nyumbani ndiko kunakoamua kama atamaliza au atapotea.

Matokeo je? Jaribio la Eastern Cape lilihusisha familia 552 katika maeneo 40, na ripoti yake ilitoka mwaka 2018. Miezi mitano hadi tisa baada ya vikao, wazazi waliopitia programu waliripoti ukatili pungufu kwa karibu nusu wakilinganishwa na wasioipitia. Vijana wao walikubali kwamba wazazi wanashiriki zaidi maisha yao na wanafuatilia zaidi walipo. Walipoulizwa kuhusu kupigwa kwenyewe, majibu ya vijana hayakuonyesha tofauti ya kueleweka.

Soma tena hapo. Mzazi anasema nimepunguza, kijana hasemi hivyo. Huenda mzazi amejifunza jibu linalotakiwa, huenda kijana anahesabu vitu ambavyo mzazi havihesabu. Kwa vyovyote vile, ukipeleka ndugu yako kwenye kikundi usiridhike na anavyosimulia yeye.

Nguvu ya kikundi ni bei na wingi wa watu kinaoweza kubeba. Mwezeshaji anaweza kuwa mtu wa mtaani aliyefundishwa vizuri. Udhaifu ni kwamba vikundi vingi vimeshikwa na miradi, na mradi ukifungwa, Alhamisi ya kikundi nayo inafungwa. Kizazi Kipya kilimalizika mwaka 2021. Tanzania Bara, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilipangwa kubeba sehemu ya kazi hii kwa watoto wa miaka 0 hadi 8, kwa hiyo anza kwa kumuuliza afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri kikundi gani kiko hai sasa hivi.

Chumba chenye kioo

Sasa tiba yenye ushahidi mzito zaidi kwa wazazi ambao tayari wamempiga mtoto, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo ngumu zaidi kuipata huku kwetu. Inaitwa tiba ya mwingiliano wa mzazi na mtoto, kwa kifupi PCIT, iliyobuniwa na mwanasaikolojia Sheila Eyberg huko Marekani miaka ya 1970. Kwa kawaida ni ya watoto wa miaka 2 hadi 7.

Mzazi na mtoto wanaingia chumba chenye vitu vya kuchezea. Mtaalamu yuko upande wa pili wa kioo anawaona, wao hawamwoni. Mzazi ana kifaa kidogo sikioni. Mtoto anasema, "Nimejenga gari." Mama kwa mazoea anajibu, "Gari gani lina magurudumu matatu?" Sikioni inakuja sauti ya chini: rudia alichosema. Mama anasita. "Umejenga gari." Mtoto anainua kichwa. Sauti tena: msifu kwa kitu mahususi. "Nimependa ulivyopanga hizo rangi." Hapo mama mwenyewe anashtuka kuona mtoto amesogea karibu. Awamu ya kwanza ni hiyo: kumfuata mtoto kwenye mchezo, bila amri, bila maswali, bila kukosoa, na nyumbani dakika tano kila siku. Awamu ya pili mzazi anajifunza kutoa amri moja iliyo wazi, na nini afanye mtoto akikaidi, hatua kwa hatua, bila kuinua mkono. Ndani ya hatua hizo kuna mambo ambayo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa, kama vile kutotoa amri kwa mtindo wa swali. Ukiuliza "utaokota hivyo vitu?" mtoto ana haki ya kujibu hapana.

Huko Oklahoma watafiti wakiongozwa na Mark Chaffin waliwachukua wazazi 110 walioripotiwa kwa kuwapiga watoto wao, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Kundi moja lilipewa PCIT, jingine PCIT pamoja na huduma za ziada, la tatu kikundi cha kawaida cha malezi. Waliwafuatilia kwa zaidi ya miaka miwili. Waliopitia kikundi cha kawaida, 49% waliripotiwa tena kwa kumpiga mtoto. Waliopitia PCIT peke yake, 19%. Waliorundikiwa huduma za ziada hawakupata nafuu kuwazidi waliopata PCIT tupu. Hilo la mwisho lingestahili kubandikwa ofisini kwa kila mtu anayeandika andiko la mradi lenye vipengele kumi na viwili.

Jambo jingine lililofanyika Oklahoma huwa linasahaulika. Kabla ya kuingia chumbani, wazazi walipitia vikao sita vya kujitafakari: kupiga kumenipatia nini, kumenigharimu nini, nataka mtoto huyu anikumbuke vipi. Mzazi aliyeletwa na polisi hana hamu ya kucheza na vitu vya plastiki. Lazima kwanza apate sababu yake mwenyewe.

Hospitali zenye idara za afya ya akili, mfano Muhimbili, Mirembe, KCMC, Bugando, au Mathari kule Nairobi, ndizo za kuuliza kuhusu wanasaikolojia wanaofanya kazi na watoto. Hata pasipokuwa na kioo, mwulize mtaalamu swali moja: je, utamwona mzazi akiwa na mtoto wake, au utaongea na mzazi peke yake wiki zote? Akikujibu kwamba mtoto atakaa nje kwenye benchi muda wote, tafuta mwingine.

Mgeni anayekuja nyumbani

Kwa nyumba yenye mtoto mchanga, au ambako tatizo ni kutelekeza zaidi kuliko kupiga, mimi ningeanza hapa. Mama aliyelemewa hawezi kupanda daladala mbili na pacha mgongoni ili akafundishwe kutulia.

Rwanda ina mfano unaostahili kujulikana zaidi kwa majirani. Sugira Muryango, ulioandaliwa na Theresa Betancourt wa Boston College na wenzake wa Rwanda, huenda nyumbani kwa familia maskini zenye watoto wa miezi 6 hadi 36. Ni ziara 12, baba anahimizwa awepo, na katika kila ziara kuna muda wa mchezo ambao mgeni anaangalia na kuelekeza palepale, kwenye mkeka wao, na vizibo vya chupa vyao. Ni ileile kanuni ya chumba chenye kioo, bila kioo. Jaribio lililoanza mwaka 2018 katika wilaya za Ngoma, Nyanza na Rubavu, kwa familia zaidi ya 1,000, lilionyesha adhabu kali zimepungua na ugomvi kati ya wazazi umepungua. Baadaye kazi ikaanza kufanywa na watu wa kujitolea wa vijijini, Inshuti z'Umuryango, yaani marafiki wa familia.

Marekani wana SafeCare, ziara kama 18 kwa wazazi wa watoto chini ya miaka mitano, zinazolenga kutelekeza: afya ya mtoto, usalama wa nyumba, na namna ya kukaa naye. Mgeni anazunguka nyumba na mzazi wakikagua vya hatari. Kwetu orodha ingeanza na mafuta ya taa kwenye chupa ya soda na jiko la mkaa linaloachwa mlangoni. Inaonekana kazi ndogo, lakini mzazi aliyezoea kuitwa mzembe anapata kitu anachoweza kukimaliza leo na mtu akakiona.

Ubaya wa ziara ni macho ya majirani. Gari lenye nembo likisimama kwako kila Jumanne, mtaa mzima unajua. Mgeni anayekuja kwa miguu ana nafasi kubwa ya kukaribishwa tena.

Akina baba, na chupa

Vikundi vingi vya malezi hujaa akina mama. Kama anayepiga ni baba, na anampiga mama pia, kumpeleka mama peke yake ni kumwongezea mzigo. Programu ya Bandebereho ya Rwanda, iliyoendeshwa na mashirika ya RWAMREC na Promundo, iliwaita wanaume vikao 15 na wenzi wao wakajiunga katika vikao vinane. Miaka karibu miwili baadaye wanawake waliripoti kwamba kupigwa kumepungua, na kwa watoto vilevile adhabu ya kipigo ilipungua. Kaskazini mwa Uganda, mradi wa REAL Fathers ulifanya kazi na akina baba vijana kwa kuwapa kila mmoja mshauri, mwanaume wa kijijini anayeheshimika, badala ya mwezeshaji kutoka mjini. Baba wa miaka 20 anamsikiliza mwanaume ambaye amemwona akiishi.

Kuhusu pombe na sonona nitasema machache. Mzazi anayelewa kila siku hatanufaika na kikundi wala mchezo mpaka pombe ishughulikiwe, na hilo ni la hospitali. Mama aliyejifungua karibuni, halali, hali, anasema mtoto anamchukia, apelekwe kliniki wiki hii. Huyo si mkorofi, anaumwa.

Ningechagua vipi

Mtoto chini ya miaka mitatu, nyumba imelemewa: ziara za nyumbani. Mtoto wa miaka mitatu hadi minane, mzazi ameshavuka mpaka lakini anataka kubadilika: mtaalamu atakayemwona na mtoto wake, hata kama ni nauli ya kwenda mjini mara mbili kwa mwezi, na kikundi kisaidie katikati. Kijana wa sekondari na mzazi wasioongea tena: kikundi chenye vikao vya pamoja. Baba ndiye tatizo: kikundi cha wanaume au mshauri mmoja mwanaume, na usalama wa mama upangwe kabla baba hajaambiwa kwamba mama ndiye aliyesema. Semina ya siku moja siichagui kwa yeyote, labda kwa mzazi ambaye hajawahi kupiga.

Kabla ya kumpeleka, uliza masharti ya siri. Mtaalamu au mwezeshaji mwaminifu atakwambia mwanzoni kwamba akiona mtoto yuko hatarini ataripoti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inamtaka yeyote katika jamii anayejua mtoto anadhulumiwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Na ingawa inamwachia mzazi nafasi ya kumrekebisha mtoto, haikubali adhabu iliyopita kiasi kwa umri, mwili na akili yake. Anayekuahidi siri ya kila kitu anakudanganya, au haijui kazi yake.

Kisha panga nani atakuwa anamuuliza mtoto. Asiwe mzazi anayetibiwa, asiwe mtu wa mradi anayetakiwa kuonyesha matokeo. Shangazi, mwalimu wa madrasa au wa Sunday school, jirani ambaye mtoto humkimbilia. Aulize wakiwa wawili tu, na aulize juu ya tukio, kwa sababu "siku hizi unapigwa?" hujibiwa "hapana" haraka. "Juzi ulipovunja kile kikombe, mama alifanyaje? Halafu ikawaje?" Aulize hivyo kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa muda wote wa matibabu na miezi kadhaa baada ya cheti kutolewa. Majibu yakionyesha alama mpya mwilini, matibabu yasimame, mtoto ahamishwe kwanza, na afisa ustawi aambiwe siku hiyohiyo, hata kama mzazi hajakosa kikao hata kimoja.